MWENYE NYUMBA AKING'OA MLANGO, UMWENDEE NANI?

(Maneno haya yalisemwa na mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa kijiwe kimoja cha Manzese, Dar es Salaam.)



Hapa kijiweni wengi wetu ni wapangaji. Umetoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali kachukua ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango, na bado mwenye nyumba akiamka vibaya godoro lako liko barabarani. Au anaezua bati, au anang'oa mlango, unarudi toka kwenye mihangaiko unakuta chumba kiko wazi kama banda la kuku. Utakimbilia kwa nani?

Wengi hukimbilia kwa balozi wa nyumba kumi. Sikatai, wapo mabalozi wenye busara waliozima ugomvi mwingi. Lakini tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, balozi ni kiongozi wa chama chake, si wa serikali. Anaweza kuwaomba mkae mzungumze. Kukuhamisha hawezi.

Mtu wa kumwendea ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yule tunayempigia kura. Kazi yake ni kuwaita wote wawili, kusoma mkataba kama upo, na kuandika mlichokubaliana. Hapo kwenye kuandika ndipo tunapoliwa! Tunapeana mikono, tunaondoka, kesho mwenzio anakana. Dai nakala yako, pamoja na stakabadhi za kodi. Mwenyekiti naye si hakimu. Akikupa saa 24 uwe umehama, muulize ni kwa sheria ipi. Na kama mwenye nyumba ni shemeji yake (mambo haya yapo sana mitaani kwetu), usipoteze muda, panda juu.

Juu yake kuna Baraza la Kata. Wajumbe ni 4 mpaka 8, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Wakili haruhusiwi kusimama mle, hivyo kabwela na tajiri kila mmoja anajisemea mwenyewe. Zamani baraza hili lilikata mashauri. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, likabakiwa na kupatanisha tu. Likishindwa, linakupa hati ya kuthibitisha hivyo. Siku 30 zikipita bila mapatano, unaruhusiwa kwenda mbele hata bila hati hiyo.

Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililotokana na sheria ya mwaka 2002. Hapo ndipo penye meno. Mwenyekiti wake hukaa na wazee wa baraza wasiopungua wawili, na hao wazee si mapambo: wanatoa maoni kabla ya hukumu, na mwenyekiti akiyakataa lazima aeleze sababu. Amri ya kukutoa, au ya kumzuia mwenye nyumba asikutoe, inapatikana hapo. Usiporidhika, unakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Polisi je? Deni la pango ni madai, si jinai. Askari hana kazi ya kukusanya kodi za watu. Ila vitu vyako vikiibwa au kuvunjwa, hiyo ni jinai, nenda kituoni ukachukue RB.

Pesa ya wakili huna, najua. Wapo wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, wanaokuandikia na kukuelekeza bure. Wengi wetu hatujui hata wanakaa wapi.

Ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ya chumba ni mapatano kati ya mwenye shibe na mwenye njaa. Waliopiga kura kuifuta hawakuwa wapangaji wa Manzese.

Na wapo kati yetu wanaokula kodi ya mwenye nyumba kwenye kamari kisha wanahama usiku. Hao hakuna baraza litakalowatetea, na wasije kwangu.

Naona mikono mitatu. Anza wewe mwenye kofia.