SPRINGI NA SHOKOMZOBA ZA MOTOKAA YA MBIO: NAMNA YA KUUTAMBUA UGONJWA KABLA YA KUNUNUA DAWA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme mbele yenu habari za springi na shokomzoba. Hapana shaka wako watakaouliza, karani na spana wapi na wapi? Jawabu letu ni fupi. Wengi katika sisi tumenunua motokaa kwa mkopo unaokatwa katika mshahara kila mwezi, na vijana wetu hupenda sana Subaru Impreza aina ya WRX iliyokwisha kutumika Japani. Hiyo ni motokaa ya mbio, na sifa yake yajulikana Afrika ya Mashariki yote, kwa kuwa Impreza ilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya Safari Rally nchini Kenya mwaka 1996, na 1997, na tena 2000. Lakini motokaa za mashindano hufuatwa na mafundi. Ya karani hufuatwa na deni. Basi mwenye motokaa akiambiwa gerejini, "Badilisha zote nne," yampasa awe na njia ya kujua kama neno hilo ni la kweli.

Kwanza tuelewe kazi ya kila kitu. Impreza za vizazi viwili vya mwanzo, yaani kuanzia mwaka 1992 hata 2007, zina nguzo moja katika kila gurudumu, mbele na nyuma. Katika nguzo hiyo springi imezunguka shokomzoba, na juu yake pana kofia yenye mpira iliyofungwa kwenye bodi. Aliyeibuni nguzo ya namna hii ni Mmarekani, Earle S. MacPherson, na motokaa za Ford Consul na Zephyr zilizoonyeshwa London mwaka 1950 ni katika zile za mwanzo zilizoitumia.

Sasa, wenzetu, springi ni hamali na shokomzoba ni mnyapara. Springi ndiyo iuchukuayo uzito wa motokaa. Shokomzoba haichukui uzito. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya kugota shimo. Ndani yake mna mafuta yanayosukumwa kupita katika matundu membamba, na nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto. Ukilishika neno hili moja umekwisha kupata nusu ya elimu: motokaa ikilala upande, mtazame hamali kwanza, motokaa ikirukaruka, mtazame mnyapara. Anayenunua shokomzoba ili kuinua motokaa iliyolala ametupa fedha yake.

Karani mwema hajibu barua kabla ya kulisoma jalada. Vivyo hivyo tusifungue spana kabla ya kuyasoma mambo manne.

Jambo la kwanza ni kipimo. Iweke motokaa mahali palipo sawasawa, bila abiria wala mzigo, tairi zote zikiwa na upepo wa kadiri iliyoagizwa. Chukua utepe, upime kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi ulio juu yake. Usianzie ardhini, maana tairi iliyolika itakudanganya. Linganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini waziwazi, huenda springi imelala au imevunjika. Hata hivyo usihukumu kwa gurudumu moja, kwa sababu udhaifu wa pembe moja huweza kuiinua pembe inayoikabili kwa mshazari. Pima zote nne ndipo useme.

Jambo la pili ni kutazama. Iinue motokaa kwa jeki, uiegemeze juu ya vigingi vya chuma, kwa maana jeki pekee haiaminiki. Tazama mzunguko wa mwisho wa springi, hasa ule wa chini, ambako changarawe hubandua rangi na kutu huanza. Hapo ndipo springi huvunjika mara nyingi. Kipande kilichokatika chaweza kujificha ndani ya kikalio, na mwenye motokaa asijue lolote ila kishindo kidogo. Kisha siku moja ncha yake huchoma tairi katika mwendo mkali. Tazama na mwili wa shokomzoba. Unyevu mwembamba wenye vumbi si kitu. Mafuta yanayotiririka ni dalili kwamba sili imekufa. Pitisha kiganja juu ya tairi pia. Ukiona mabonde mabonde, shuku shokomzoba, au gurudumu lisilosawazishwa. Tairi ikilika upande wa ndani tu, kwa kawaida shauri ni la alaimenti.

Jambo la tatu ni kuibonyeza. Watu husukuma pembe ya motokaa chini kwa mikono, wakaiachia. Ikirudi na kutulia husifiwa. Ikiendelea kupanda na kushuka huhukumiwa. Kwa motokaa laini ya nyumbani kipimo hiki chafaa. Kwa motokaa ya mbio tuwe na hadhari, kwa sababu springi zake ni ngumu na mikono ya mtu haiwezi kuibonyeza vya kutosha. Shokomzoba iliyochoka yaweza kuonekana nzima. Ushahidi ulio bora ni wa njiani: motokaa kuinamisha pua sana wakati wa breki, kuyumba baada ya tuta, na gurudumu kurukaruka katika barabara ya mawimbi. Gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Hapo hatuzungumzi tena juu ya raha ya safari. Twazungumza juu ya wake zetu na watoto wetu waliokaa kiti cha nyuma.

Jambo la nne ni sauti, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kila mgongano hauwi wa shokomzoba. Motokaa ikigonga gonga katika vishimo vidogo kwa mwendo wa polepole, kwanza kagua viungo vya stebilaiza, ambavyo bei yake ni ndogo kuliko nguzo. Usukani ukizungushwa motokaa ikiwa imesimama, na springi ikaruka kwa mlio, shuku beringi iliyo katika kofia ya nguzo. Mvumo unaozidi kadiri mwendo unavyozidi mara nyingi ni wa beringi ya gurudumu au wa tairi. Haukutoka kwenye springi hata kidogo. Tena, Impreza nyingine za aina ya STI zina shokomzoba zilizopinduliwa juu chini, nazo hujulikana kwa kugonga zikikaukiwa na grisi ndani. Huyo si maiti wa kuzikwa. Hutiwa grisi akaendelea na kazi.

Hatuna budi kusema pia juu ya tamaa ya kuishusha motokaa ili ipendeze. Springi fupi hupunguza nafasi ya mwendo wa shokomzoba, hata ikawa yagota kwenye mpira wa kizuizi kila mara, na mwenyewe akadhani imekufa. Walio hatari zaidi ni wale wakatao springi kwa msumeno. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, nayo huweza kutoka kikalioni gurudumu linapotundika. Mtu akinunua motokaa ya mkono wa pili, na aulize kwanza: springi hizi ni zile ilizotoka nazo kiwandani?

Ikithibitika kwamba kitu kimekufa, kibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, ili motokaa isiwe na mguu mpya na mguu mzee katika ekseli moja. Kabla ya kufungua nguzo za mbele, tieni alama kwenye bolti ya juu yenye kuelekeza gurudumu, na baada ya kazi ipelekeni motokaa kwenye alaimenti. Bushi za mpira zikazwe motokaa ikiwa imesimama kwa miguu yake, zisije zikapindika na kupasuka mapema. Na neno hili twaomba lishikwe kuliko yote: nati ya katikati ya kofia isifunguliwe kamwe kabla springi haijabanwa kwa kibanio chake. Springi iliyobanwa ndani ya nguzo ina nguvu ya kumwua mtu. Mwanachama asiye na kibanio wala mazoezi na ampe fundi kazi hiyo. Kumlipa fundi si aibu. Tulilokuja kulikataa ni kulipa bila kujua.

Basi twaleta shauri moja mbele ya mkutano. Kila mwanachama mwenye motokaa na aandike katika daftari vipimo vyake vinne vya leo, tarehe, na hali ya tairi zake, akirudia kila baada ya miezi sita. Siku atakapoambiwa gerejini kwamba motokaa imelala, atafungua daftari na kusema, "Imelala kiasi gani, na tangu lini?" Sisi tuliozoea kutunza kumbukumbu za Serikali hatuwezi kushindwa kutunza ukurasa mmoja wa mali yetu wenyewe.

Wenye maswali na wayalete sasa, na wenye motokaa nje, baada ya mkutano tutakwenda pamoja na utepe kuzipima.