ZABIBU HAZINGOJI BEI

Ndugu wanakisomo wa Dakawa, natumaini mmekwisha kukaa, na mwenye miwani ameivaa.

Leo twazungumza juu ya divai. Labda mmoja wenu auliza, "Sisi wakulima wa mpunga, divai yatuhusu nini?" Ngojeni kidogo. Barabara hiyo ipitayo kwenu hufika Dodoma, na huko ndiko zabibu zinakolimwa kwa wingi. Mpunga ukisha kukauka, waweza kuuweka ghalani mpaka bei ipande. Zabibu haziwekeki hivyo. Zikisha kukatwa, baada ya siku chache huanza kuoza, na mnunuzi ajua sana jambo hilo! Basi mkulima asiye na njia nyingine hupokea bei yo yote.

Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu Dodoma katika miaka ya 1950, maana walihitaji divai ya misa. Kwao Ulaya, penye milima ya Alpi, baridi huulaza mzabibu, nao huzaa mara moja tu kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mkulima mwenyewe huuamsha mti kwa kuupogoa. Akipogoa mara mbili, avuna mara mbili.

Sasa, divai hufanywaje? Zabibu nyekundu huchambuliwa, mbovu zikatupwa. Kisha hupondwa pamoja na maganda yake, kwa kuwa rangi imo katika ganda. Hamira, jamii moja na ile ya maandazi, hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo na hewa. Utaona povu, na maganda yatapanda juu. Yashindilieni chini asubuhi na jioni. Siku hizo chombo kisizibwe kabisa, kisije kikapasuka. Wala mtu asilale katika chumba hicho, maana hewa ile yaweza kuua.

Baada ya wiki moja hivi, maganda hukamuliwa. Kinachopatikana, watu wa Dodoma hukiita mchuzi wa zabibu, jina zuri kwa maoni yangu. Hapo mambo hugeuka: povu likisha kutulia, chombo chatakiwa kijae mpaka juu, kifunikwe barabara. Hewa ya nje ikiingia, divai huwa siki, na kazi yote imepotea. Mchuzi uliotunzwa vizuri hukaa miezi mingi, na mwenye nao aweza kumwambia mnunuzi, "Bei hiyo siitaki, rudi mwezi ujao."

Haya, chukueni madaftari. Kilo 100 za zabibu hutoa mchuzi wapata lita 60 hadi 70. Mama mmoja ana zabibu kilo 300, na mapipa mawili ya lita 100 kila moja. Je, mchuzi wake utaenea? Na ukipungua, ile nafasi tupu ndani ya pipa la pili aifanyeje? Shaurianeni, kisha kila mtu aandike jibu lake kwa mkono wake mwenyewe.