Alama za Hatari na Mtoto wa Kyela

Suala linalostahili kutazamwa ni zana za kupima hatari, yaani madodoso yanayompa mtoto anayekinzana na sheria alama za kukadiria kama atarudia kosa, ambazo katika majimbo mengi ya Marekani huchangia uamuzi wa kumzuia au kumrudisha nyumbani.

Nchini Tanzania, kazi inayokaribiana na hiyo ni ya afisa ustawi wa jamii, ambaye chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huiandalia Mahakama ya Watoto ripoti kuhusu familia na mazingira ya mtoto. Ichukuliwe hali ya mvulana wa Ipinda, wilayani Kyela, aliyekamatwa na debe la kakao ya wizi, anayelelewa na bibi kwa kuwa baba amevuka mpaka wa Kasumulu kwenda Malawi kutafuta riziki: dodoso kama hayo ya Marekani litaandika kwamba hana mzazi, lakini halitamwona shangazi anayemlisha wala majirani wanaomkanya. Hapo ndipo penye dhuluma, kwa sababu umaskini wa nyumba hugeuzwa hatia ya mtoto, ilhali mahabusu ya watoto iko Mbeya, mbali na jamaa zake.

Kwa upande wa pili, ni kweli kwamba bila kipimo chochote hakimu huweza kubaki na hisia zake tu, na alama zaweza kuonyesha nani anahitaji msaada wa haraka. Je, zikiruhusiwa kwa kupanga msaada pekee, nani atahakikisha kwamba hazitumiki kumfungia mtoto?