KUONYESHANA NCHI

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni. Somo: Kumbukumbu la Torati 34:1-8)

Mulembe kwenu nyote, mlio shambani na mlio njiani, na hasa ninyi mnaotusikiliza mkiwa kitandani, au kwenye kiti kile kile mlichokalia jana na juzi kwa sababu miguu imekataa. Asubuhi hii tungependa kuongea nanyi habari za picha. Ni picha hizi za kawaida ambazo mtu huzipiga akiwa safarini: bahari, mlima, ndege mtini. Pengine mtauliza, picha zahusu nini na Neno la Mungu? Tuvumilieni kidogo, tutafika.

Katika somo letu twamwona Musa akipanda mlima Nebo. Amekwisha kuambiwa kwamba nchi ile hataingia. Mlima huo leo uko katika nchi ya Yordani, nao si mrefu kama mtu anavyoweza kudhani; una mita kama 800 tu juu ya usawa wa bahari. Sisi hapa Kakamega mjini tumekaa juu zaidi yake, maana tumepita mita 1,500. Lakini chini ya Nebo liko bonde la Bahari ya Chumvi, lililoshuka zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, ndiyo maana aliyesimama pale huona mbali sana. Siku isiyo na ukungu mtu huviona hata vilima vya Yerusalemu ng'ambo.

Sasa angalieni jambo moja ambalo twalipita upesi tukisoma. Mungu hakumwacha Musa juu ya mlima atazame peke yake. Alimwonyesha. Maandiko yanataja sehemu moja moja: Gileadi, kisha nchi ya Naftali, ya Efraimu, ya Manase na ya Yuda, halafu upande wa kusini, na bonde la Yeriko penye mitende. Ni kama mwenyeji aliyesimama na mgeni wake, anyoshe kidole na kusema, hapa ni kwa fulani, pale ni kwa fulani. Mzee yule hakuwa na safari nyingine tena mbele yake, naye Bwana alikaa naye akamtajia mahali.

Shikeni hilo, tutalirudia.

Mtaukumbuka mwaka 2020. Tarehe 13 Machi ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini Kenya, na kabla mwezi huo haujaisha makanisa yalikuwa yamefungwa na amri ya kutotoka nje usiku imeanza. Mwezi wa Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zilifungwa, watoto wetu walioko huko wasiweze kuja nyumbani wapendavyo, mpaka mwezi wa Julai. Hata makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai hiyo, ilikuwa watu wasiozidi 100, kwa saa moja tu, na waliovuka miaka 58 waliambiwa waendelee kukaa nyumbani. Basi fikirini: wale waliochimba msingi wa kanisa letu, wale akina mama waliobeba mchanga kutoka mtoni kwa ndoo, ndio waliobaki nje. Hatuilaumu amri hiyo. Ilikuwa kwa ajili ya kuwalinda. Lakini iliuma.

Ndipo vijana wetu walipoanza kutumiana picha katika kikundi cha WhatsApp cha kanisa. Walisema, kwa kuwa hatuwezi kwenda popote, kila mtu atoe safari zake za zamani tusafiri pamoja. Likawa jambo la furaha kweli. Mmoja alituma Fort Jesus ya Mombasa na bahari nyuma yake. Mwingine akatuma ndege wale wa waridi wa Ziwa Nakuru, wengi hata maji hayaonekani. Dada yetu muuguzi aliyeko Uingereza akatuma theluji mlangoni pake, na ndugu aliyeko Qatar akatuma jangwa. Kulikuwa na Mlima Elgon, na Mlima Kenya ulipiga picha ya kijana mmoja wetu; tunasema hivyo kwa sababu kijana alijaa mbele, na mlima ukachungulia nyuma ya sikio lake. Hayo pia tuliyapokea, maana nani kati yetu hajapenda kuonekana?

Picha tulizozipenda zaidi zilitoka karibu. Zilikuwa za Msitu wa Kakamega, zilizopigwa juu ya kilima cha Buyangu, mahali mtu anapoona miti imeenea kama blanketi la kijani mpaka macho yachoke. Wataalamu husema huo ni mabaki ya msitu mkubwa uliowahi kuenea kutoka Kongo hata kwetu, na ndiyo maana una ndege na vipepeo ambao mahali pengine pa Kenya huwapati. Tulimwona mbega na joho lake jeupe mabegani, na kima mtini, na yule ndege mkubwa wa samawati mwenye kishungi cheusi kichwani, ambaye huruka kwa shida kama aliyebebeshwa mzigo. Wengine wetu tumezaliwa kilomita chache tu kutoka msitu huo na hatukuwahi kumwona ndege huyo mpaka tulipofungiwa nyumbani.

Baada ya majuma kadhaa mtu mmoja katika kikao chetu aliuliza: je, wazee wanaziona? Tukatazamana. Wazee wetu wengi wana simu ile ya mulika mwizi, ya kupiga na kupokea tu. Tulikuwa tukijifurahisha wenyewe kwa wenyewe, na tukisema ni kwa ajili yao! Basi tukachanga fedha, picha zikachapishwa mjini, zikatiwa katika bahasha, na vijana wakazipeleka nyumba kwa nyumba. Walivaa barakoa, wakasimama langoni, wakaacha bahasha juu ya jiwe au kumpa mjukuu, wakaenda zao. Sisi tulikuwa na daftari, na kila nyumba iliyofikiwa tuliitia alama. Tuliliangalia daftari hilo tukaona kazi ya Bwana inakwenda vizuri.

Yuko mama mmoja mzee katika ushirika wetu, mjane, amepita miaka 80. Nyumba yake ilitiwa alama mara tatu. Mara ya nne bahasha ilipelekwa na binti wa kwaya, mwanafunzi aliyekuwa nyumbani kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Binti aliposalimu na kutaka kuondoka, mama akamwita.

"Mwanangu, mmeniletea macho. Mdomo mmeuacha wapi?"

"Sijaelewa, nyanya."

"Picha ni nyingi. Hakuna anayeniambia ni za wapi. Simama hapo hapo langoni, nisimulie."

Binti akasimama. Ilimbidi apaze sauti kwa sababu ya barakoa, hata majirani wakasikia. Alikuwa amezipanga picha zile mwenyewe, akazijua kwa mfuatano. Akaanza na ile ya juu: nyanya, hiyo ya kwanza ni mbega, amekaa kwenye tawi kule Buyangu, na mkia wake umening'inia. Mama akaiinua picha karibu na uso, akatikisa kichwa kwa furaha, akauliza kama mkia wa mbega huyo ni mweupe ncha yake. Binti akajibu ndiyo, nyanya, ni mweupe. Halafu akanyamaza. Picha aliyoishika mama haikuwa ya mbega. Ilikuwa ya ndege wa Nakuru.

Ndugu zetu, mama yule alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akabaki kuona mwanga na kivuli. Hakumwambia mtu. Baadaye alitueleza kwamba watoto wake walikuwa wamefungiwa Nairobi bila kazi na hakutaka kuwaongezea mzigo. Na sisi hakutaka tumwone kama mtu asiye na shukrani, maana picha zilikuwa zimegharimu fedha. Kwa hiyo kila bahasha ilipofika aliifungua, akazigusa picha, akaziweka chini ya Biblia ambayo nayo hakuweza tena kuisoma.

Binti alipotuletea habari hizo hatukuwa na la kusema. Mara tatu tulikuwa tumefika kwake, na daftari letu lilikuwa shahidi! Somo letu lasema kwamba Musa, akiwa na miaka 120, jicho lake lilikuwa halijapungua nguvu. Musa alikuwa na macho mazima, na bado Bwana alimtajia nchi sehemu kwa sehemu. Sisi tulimpelekea mama asiyeona karatasi zisizo na neno, tukaenda zetu.

Tangu siku hiyo tulibadili mwendo. Hakuna picha iliyopelekwa bila mtu wa kuisema. Aliyeipiga ndiye aliyepiga simu, akaeleza ilikuwa saa ngapi, nani alikuwa pamoja naye, kama kulikuwa na upepo, alikula nini njiani. Dada wa Uingereza alimsimulia mzee mmoja theluji kwa dakika nyingi, na mzee akataka kujua kama kuku huko hutembea juu yake. Tuligundua kwamba mulika mwizi inatosha sana kwa kazi hiyo. Naye mama yetu, njia zilipofunguliwa na mwanawe akaja, alipelekwa hospitali. Ugonjwa wa mtoto wa jicho, tunawaambia ninyi mnaosikiliza na mnaoficha kama alivyoficha yeye, hupasuliwa, na mahali pa ile lenzi ya jicho iliyoharibika hutiwa nyingine ndogo ya bandia. Si uchawi wala si uzee tu wa kuvumiliwa. Mwambieni mtu leo.

Korona yenyewe, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi wa Mei 2023 kwamba si hali ya dharura ya ulimwengu tena. Lakini viti vile havijaachwa wazi. Katika kila kijiji kutoka hapa mpaka Khayega yuko mtu ambaye kwake dirisha ndiyo safari. Mnaorudi kutoka Mombasa na simu zimejaa, mnamjua.

Tumalizie na mama yetu. Kabla ya kupasuliwa, tulimwuliza ni picha gani angependa kuiona kwanza macho yakifunguka: bahari? theluji? Akasema anataka Mwamba Lia, lile jiwe la Ilesi kando ya barabara ya kwenda Kisumu. Alipokuwa msichana alikuwa akipita hapo na vyungu kichwani kwenda kuuza, nao walikuwa wakipumzika wakiliangalia. Tuliona haya kidogo. Jiwe hilo tunalipita kwa matatu kila mara, na katika picha zote tulizotumiana hakuna aliyekumbuka kulipiga. Kwake yeye lilikuwa mbali kuliko Qatar.

Tukampelekea. Bandeji zilikuwa zimetoka siku chache tu. Aliitazama picha muda mrefu, akaigeuza kwenye mwanga, kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja.

"Mmepigia barabarani," akasema. "Hapa naona jiwe. Machozi yake hayaonekani. Rudini, mkaribie, na mniambie maji yanashuka upande gani siku hizi."

Jumamosi iliyofuata tulirudi Ilesi. Safari hiyo yeye mwenyewe alikuwa ameketi kiti cha mbele.

Bwana awe nanyi juma hili.