Udongo wa Machakos na Kazi ya Mwethya



Katika mwaka wa 1937 Bwana Colin Maher, mtaalamu wa kuhifadhi udongo, aliandika habari za Machakos kwa majonzi. Vilima vilikuwa vitupu, makorongo yamekata malisho, na kila mvua ilichukua udongo mwekundu hadi mtoni. Mwaka uliofuata Serikali ya kikoloni ikaamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Wakamba wakaona wanapokonywa mali yao. Wakaenda Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini amri ile ikaondolewa.

Hata hivyo udongo haukuacha kushuka. Kuchimba matuta kwa kulazimishwa nako kuliwachukiza watu. Kazi ilishika mizizi pale ilipofanywa kwa mwethya, yaani desturi ya majirani kusaidiana, leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule. Wachimbaji wengi walikuwa wanawake, kwa kuwa waume walikuwa kazini mjini, na fedha zilizotumwa nyumbani ndizo zilizonunua plau na miche. Njia waliyoipenda ni ile iitwayo "fanya juu": mtaro huchimbwa kukingama mteremko, udongo hutupwa upande wa juu ukawa ukingo, na majani ya ng'ombe hupandwa juu ya ukingo huo. Baada ya miaka, mteremko hugeuka ngazi.

Katika mwaka wa 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya habari hizo. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu wa wilaya ile waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua. Wengine wamejibu, nao wana haki, kwamba nafuu haikuwafikia wote. Asiye na ndugu mwenye mshahara alibaki nyuma.

Ama taabu ya siku hizi ni nyingine. Shamba la babu hugawanywa kwa wana, kisha kwa wana wao, hata kipande kisiweze kulisha nyumba moja, ndipo huuzwa. Na tuta likipasuka huku mwenyewe yuko mjini, maji humwagikia mashamba yote ya chini, hata la jirani mwenye bidii.

Huko Utooni, tangu mwaka wa 1978, wanakijiji wamejenga kuta za mawe na saruji katika mito ya msimu. Mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga, jua lisiyafikie upesi. Wakati wa kiangazi watu huyachota karibu na nyumbani. Saruji yaweza kuletwa na wafadhili. Mawe hubebwa na wenyeji wenyewe, na kila nyumba hutazamiwa kutoa mtu. Nyumba iliyotiwa kufuli haitoi mtu.