Homa Si "Mabadiliko ya Hali ya Hewa"

(Mazungumzo na vijana wa klabu ya afya)



Leo tuongee habari za wageni ambao si wageni. Nazungumzia familia zinazorudi nyumbani baada ya miaka mingi Majuu. Baba alizaliwa Muheza, mama Pangani, watoto wamezaliwa Uingereza. Siku wanapofika, ukoo mzima unajaa uani na pilau linapikwa. Safi kabisa! Lakini sherehe ikiisha yanabaki maisha ya kila siku: joto, maji ya ndoo, umeme kukatika, na mbu. Hapo ndipo wewe binamu yao unapohitajika.

Tuanze na malaria. Mtu aliyekulia huku, akiumwa na mbu tangu utotoni, mwili wake hujenga kinga kiasi. Si kinga kamili, ila humpunguzia makali. Sasa sikiliza: kinga hiyo haidumu. Ukiishi miaka kadhaa mahali pasipo na malaria, inapungua. Kwa hiyo baba anayesema, "Mimi mzaliwa wa hapa bwana, mbu wananijua," anajidanganya. Na wale watoto waliozaliwa Ulaya hawajawahi kuwa nayo hata kidogo.

Dalili huanza mara nyingi siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu. Hesabu basi. Wakati huo wageni wameanza kuzoea, na hakuna tena anayewaangalia kwa karibu. Mtoto anaamka mwili wa moto, kichwa kinamgonga, anatapika. Utasikia watu wazima wakisema, "Ni mabadiliko ya hali ya hewa tu, atazoea."

Vijana, maneno hayo yanaweza kuua. Joto letu huleta jasho, kiu, uchovu na vipele. Homa ni kitu kingine. Malaria isiyotibiwa inaweza kugeuka kali ndani ya saa 24. Mgonjwa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo akapimwe. Kipimo cha haraka ni tone moja tu la damu ya kidole. Na mtoto akishikwa na degedege, msimfukize majani wala msingojee mganga. Hospitali, mbio!

Je, dawa? Wazazi walioondoka zamani wanaikumbuka klorokwini, ile chungu iliyowasha mwili mzima. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilishakuwa sugu. Tangu mwishoni mwa 2006 tunatumia dawa mseto. Ni lazima kumaliza dozi, hata kama mgonjwa ameshaanza kucheza mpira.

Na kipimo kikionyesha hakuna malaria? Msiseme, "Basi hana kitu." Dar es Salaam ilikumbwa na homa ya dengi mwaka 2014, na tena 2019. Mbu wa dengi huuma mchana, na huzaliana kwenye mapipa na matairi yenye maji. Mpaka daktari aseme ni homa gani, usimpe mgonjwa aspirini wala ibuprofeni, maana dengi inaweza kuleta kutoka damu. Parasetamoli inatosha, kwa kipimo chake.

Tumbo nalo husumbua sana wiki za mwanzo. Akiharisha, apewe maji ya ORS mara kwa mara. Pakiti hakuna? Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi.

Sasa lile ambalo halipimwi kwa damu. Yule binti anaongea Kiswahili cha kukwama, na ninyi mnamcheka: "Mzungu huyoo!" Akiona choo cha shimo anaogopa, na kusema anaona haya. Anafanya nini? Haendi. Ili asiende, hanywi maji, tena kwenye joto hili! Usishangae akizimia, au akiugua njia ya mkojo. Na huyu hatakuambia kichwa kinauma, kwa sababu jana ulimcheka.

Kwa hiyo, binamu, kazi yako ni hii. Mwonyeshe choo bila kumcheka, na usiku mpelekee tochi. Mfundishe kuchomekea chandarua chenye dawa chini ya godoro, kila usiku. Mwambie yapi ni maji ya kunywa na yapi ya kuogea. Usimpeleke kuogelea bwawani penye kichocho. Mnalala chumba kimoja, kwa hiyo wewe ndiye utakayejua wa kwanza kwamba anatetemeka. Usingoje asubuhi. Waamshe wakubwa, hata wakigomba.

Haya, nani ana swali?