Kisu Kilichomo Mkebeni

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wenu mnacho nyumbani, na pengine baba mmoja anayetusikiliza sasa hivi anacho mfukoni mwake: kisu kidogo cha kukunja. Huenda mtu akauliza, je, kipindi hiki kina shughuli gani na visu? Tuvumilieni kidogo.

Mama mmoja mjane ametuandikia barua. Ana mwana wa kiume wa miaka 15, na kijana huyo anakusanya visu vya kukunja. Anavyo vitatu, vyote vimo katika mkebe wa maziwa ya unga chini ya kitanda. Viwili aliletewa na mjomba wake ambaye ni baharia, kimoja kutoka Ufaransa na kingine kutoka Japani. Cha tatu kilikuwa cha marehemu baba yake. Kila Jumapili alasiri kijana huketi mlangoni, akavitoa kimoja kimoja, akavipangusa kwa kitambaa, akavirudisha mkebeni. Hajamdhuru mtu. Lakini majuzi vijana wawili waligombana sokoni, mmoja akachomwa kwa kisu cha namna ile ile ya kile cha marehemu, na tangu siku hiyo mama hapati usingizi. Anatuuliza: Je, nivitupe chooni?

Mama yetu mpendwa, usivitupe bado. Hebu tuviangalie kwanza, maana si vizuri kukihukumu kitu kabla ya kukijua.

Kile cha Ufaransa, kwa jinsi ulivyotueleza mpini wake wa mti na pete ya chuma shingoni, ni kisu kiitwacho Opinel. Kilibuniwa na kijana. Joseph Opinel alizaliwa mwaka 1872 katika milima ya Savoie, karibu na mji wa Saint-Jean-de-Maurienne. Baba yake alikuwa mhunzi, akiwafulia wakulima mashoka na vifaa vya kupogolea. Mzee alipenda mwanawe ashike kazi ile ile ya mashoka, lakini kijana, kila alipopata nafasi, alikuwa akihangaika na kisu cha mfukoni. Mwaka 1890 akakipata alichokuwa akikitafuta. Bapa, mpini, msumari na pete: hayo tu. Mkulima maskini aliweza kukinunua, na kikiharibika hakuumia sana. Mwaka 1897 Joseph alikuwa amekwisha kutengeneza saizi 12, toka namba 1 iliyo ndogo kama kidole mpaka namba 12. Namba 1 na namba 11 ziliachwa mwaka 1935. Ile pete ya kuzunguka, inayozuia bapa lisikuangukie vidole, iliongezwa mwaka 1955.

Mwambie kijana akitazame vizuri bapa lake. Ataona mkono umechorwa, vidole vitatu vimeinuliwa kama vya mtu anayebariki, na juu yake kuna taji. Zamani, mwaka 1565, mfalme wa Ufaransa aliamuru kila fundi wa visu aweke alama yake juu ya kazi yake. Joseph Opinel alipochagua ya kwake mwaka 1909, alichukua mkono wa Yohana Mbatizaji, kwa sababu kanisa kuu la Saint-Jean-de-Maurienne husemwa kuwa limehifadhi mifupa ya vidole vya Yohana. Taji ni la watawala wa Savoie. Habari ya mifupa hiyo tutawaachia wenyewe. Lakini tunaona ni jambo la ajabu kwamba kijana anaweza kutembea na mkono wa nabii mfukoni, naye hajui.

Sasa kile cha Japani. Hiki huitwa higonokami, nacho kilianza kutengenezwa katika mji wa Miki mwishoni mwa karne ya 19. Mpini wake ni bati lililokunjwa tu. Hakina springi wala pete. Bapa lina mkia mdogo unaotokeza nje, na mtumiaji huukandamiza kwa kidole gumba wakati anapokata. Akiondoa kidole, kisu hakina kitu cha kukizuia kisifunge. Yaani komeo la kisu hiki ni mkono wa mwenyewe. Kwa miaka mingi watoto wa shule wa Japani walikuwa na visu hivi mikobani mwao, wakichongea penseli.

Kisha ikafika tarehe 12 Oktoba 1960. Kiongozi wa chama kimoja cha siasa, Asanuma Inejiro, alikuwa akihutubia jukwaani mjini Tokyo, mbele ya kamera za televisheni. Kijana wa miaka 17 akapanda jukwaani, akamchoma, akafa. Nchi nzima ilitetemeka. Wazazi na walimu wakaanza kampeni kwamba watoto wasishike tena vyombo vyenye makali. Penseli zikachongwa kwa mashine, na mafundi wengi wa Miki wakafunga karakana zao. Leo imesalia karakana moja tu inayotengeneza kisu hiki chini ya jina lake la asili.

Ndugu msikilizaji, hatuwalaumu Wajapani kwa kuogopa. Nani hataogopa? Lakini angalieni jambo hili. Yule mtu aliuawa kwa upanga mfupi, wala si kwa kisu cha kuchongea penseli. Walionyang'anywa ni watoto ambao hawakumgusa mtu. Na mtoto aliyenyang'anywa kisu hakufundishwa kitu chochote mahali pake. Aliachwa tu mikono mitupu, mpaka awe mtu mzima, ndipo akishike kisu kwa mara ya kwanza. Mama, hofu yako tunaielewa kabisa. Tunakuomba tu isikupeleke huko.

Kuna msikilizaji anayesema moyoni kwamba Biblia haina habari ya visu vya mfukoni. Fungua kitabu cha Yeremia, sura ya 36. Ni majira ya baridi, mfalme Yehoyakimu ameketi mbele ya moto. Anasomewa gombo ambalo Baruku aliliandika kwa kinywa cha Yeremia. Kila zinaposomwa safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Anazikata kwa kisu gani? Si upanga wala jambia. Ni kisu kidogo cha mwandishi, kile cha kuchongea kalamu ya tete. Kilichotengenezwa ili neno liandikwe, mfalme alikitumia ili neno liteketee. Wala hatusomi kwamba Mungu alikilaani kile kisu. Aliyehukumiwa ni mfalme, na Yeremia akatwaa gombo jingine, Baruku akaandika tena. Bila shaka alichonga kalamu kwanza, na kalamu haichongwi kwa meno.

Wachungaji wa ng'ombe wa nyanda za juu za Aubrac, huko huko Ufaransa, nao wana kisu chao, kiitwacho Laguiole kwa jina la kijiji chao, tangu mwaka 1829. Baadaye kiliongezwa chuma chembamba chenye ncha, ambacho mchungaji alikitumia kumtoboa ng'ombe aliyevimba tumbo kwa gesi, ili pumzi itoke asife. Wafugaji wetu wanaujua ugonjwa huo, na wanajua jinsi muda unavyokuwa mfupi. Katika mpini wa visu vingi vya Laguiole vijipini vidogo vimepigwa kwa mfano wa msalaba. Husimuliwa kwamba mchungaji aliyekuwa mbali na kanisa alikichoma kisu katika mkate au ardhini, mpini ukasimama, naye akasali mbele yake. Kama kila mchungaji alifanya hivyo au sivyo, msalaba upo.

Na sasa tufike kwa kisu cha marehemu, maana tunafikiri hicho ndicho kinachokunyima usingizi, si vile viwili vya mjomba. Ni Okapi. Mpini wa mti, alama za mwezi na nyota, pete ya kuvuta mgongoni, na kikifunguliwa hulia ka-ka-ka. Kisu hiki kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na wakati huo jirani zetu wa Tanganyika walikuwa chini yao. Kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Ni kweli, Okapi kina sifa mbaya. Katika miji mingi wahuni wamekipenda, na ule mlio wake umewatia watu hofu vichochoroni. Mama, hukuota.

Lakini soma tena barua yako mwenyewe. Umetuambia kwamba bapa la kisu hicho limekwisha, limekuwa jembamba kama jani la mkonge. Umesema marehemu alikatia kamba za mbuzi, alipogolea kahawa, na jioni aliwamenyea watoto machungwa, ganda likishuka refu bila kukatika. Mkusanyaji wa visu wa Ulaya akikiona atakisukuma kando. Wao hulipa fedha nyingi kwa kisu ambacho hakijanolewa hata mara moja, kikiwa ndani ya sanduku lake. Sisi hatuwaelewi vizuri watu hao, ingawa twawashukuru kwa kuwa wametunza mengi ambayo yangepotea. Chuma hakikonda chenyewe. Kila alipokinoa mumeo, chembe kidogo ilibaki juu ya jiwe, na kazi ya siku hiyo ikafanyika. Ule weusi juu ya bapa si uchafu, ni maji ya machungwa na maembe yaliyouma chuma. Kijana wako anaposugua kila Jumapili, mwambie asiusugue ukatoka.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Vile viwili vya mjomba vikae mkebeni, avipende. Kile cha baba yake mpe akichukue, lakini si kila mahali. Shambani, ndiyo. Zizini, ndiyo. Shuleni, hapana kabisa. Sokoni jioni, hapana, na penye ngoma au pombe, hapana. Polisi akimkuta nacho njiani usiku atamwuliza anakwenda nacho wapi, na ana haki ya kuuliza. Mjomba naye akipanda ndege akiweke katika mzigo wa chini, si wa mkononi. Tangu tarehe 11 Septemba 2001 mambo hayo hayana mchezo.

Kuna mzee yeyote wa ukoo aliye karibu? Mwombe amkalishe kijana na kumfundisha yale ambayo baba yake angemfundisha: kukata kuelekea nje ya mwili, kumpa mwenzake kisu kikiwa kimefungwa, kutokitumia kwa kufungulia makopo. Na hili lisisahauliwe: kama mtu amekasirika, awe ni yeye au ni mwenzake, kisu kisitoke mfukoni hata kwa kumenya chungwa. Hilo tungetaka alirudie kwa sauti mbele yako mpaka ulale usingizi.

Kuhusu mafuta, tone moja la mafuta ya cherehani penye msumari latosha. Yakizidi hushika vumbi. Kisirudishwe mkebeni kikiwa na unyevu, hasa wakati wa masika, kwani chuma cha zamani hushika kutu kwa usiku mmoja. Na unaposema kwamba kisu cha marehemu siku hizi hakikati, hilo lisikufurahishe, mama. Kisu butu huteleza, na ndicho kinachojeruhi vidole. Mwandikie mjomba kwamba safari hii asilete kisu kingine. Alete jiwe zuri la kunolea.